Bakuli Lililofunikwa

Mzee Kisilu alifika kwenye lango la kituo jua likiwa bado halijashika mabati, fimbo mkononi na nusu ya kijiji nyuma yake. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika kwa kupiga kelele tangu juzi, lakini ilikuwa na nguvu ya kuvuka ua mzima na kuingia dirishani kwa Inspekta Wariara, aliyekuwa amesimama na kikombe cha chai asichokinywa.

"Mtoeni huyo mwanamke. Kama serikali imeshindwa naye, sisi hatujashindwa. Petroli tunayo."

"Huyo ndiye mume wa mgonjwa?" Wariara aliuliza.

"Ndiye, afande," Koplo Muindi alijibu, akijinyoosha kiuno kwa mikono miwili. "Wanawake watatu wamezikwa. Wa nne, aliye kitandani, ni mke wake. Ana haki ya kupiga kelele kidogo."

"Hiyo ni kidogo?"

"Kwa mtu wa Tseikuru hiyo ni kunong'ona."

Wariara hakucheka. Faili ilikuwa mezani, na ndani yake mlikuwa na kila kitu ambacho kiongozi wa mashtaka hupenda. Wanawake watatu wa kikundi kimoja, kutoka kijiji cha Kwa Mulonzi kati ya Kyuso na Tseikuru, walikuwa wamekufa mmoja baada ya mwingine: homa, kisha damu kwenye ufizi, kisha kaburi. Daktari aliyepasua maiti alikuta damu imevuja ndani kila mahali, kama inavyovuja kwa mtu aliyekula dawa ya panya. Wote watatu walikuwa wamekula kutoka sufuria moja. Aliyeipika sufuria hiyo aliitwa Nzisa, na nyumbani kwake polisi walikuta pakiti ya dawa ya panya imekatwa mdomo.

Muda ambao hakimu alikuwa amewapa kumshikilia ulikuwa unaisha kesho asubuhi. Githaiga, kiongozi wa mashtaka, alikuwa ameshasema atakachofanya: atasoma shtaka la mauaji. Na kila mtu pale langoni alijua kwamba shtaka likishasomwa, boma la Nzisa, ambamo wanawe walikuwa wanalala na nyanya yao, litakuwa majivu kabla ya mbuzi kurudi kutoka malishoni.

Wariara alimwaga chai dirishani, upande ambao Mzee Kisilu hakuwepo, akachukua funguo za seli.

Nzisa alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Mikono yake mikubwa ya jembe ilikuwa imelala magotini kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyeiacha hapo.

"Tuanze upya," Wariara alisema. "Kwa nini ni wewe uliyepika?"

"Nilikosa mwethya."

Wariara alikuwa amekulia Murang'a. Alimgeukia Muindi.

"Mwethya ni kazi ya pamoja," Muindi alisema. "Leo wote shambani kwako, kesho kwangu. Ukikosa siku moja bila sababu, unatozwa faini. Kikundi chao faini yake ni chakula. Siku inayofuata ya kazi unapikia kila mtu, na wewe mwenyewe huli mpaka wote washibe."

"Na aliyekutoza faini ni Nthenya."

"Ndiye. Alikuwa mwenyekiti," Nzisa alisema.

"Mkagombana."

"Nani hakugombana na Nthenya, afande? Mvua ikichelewa alikuwa anaigombeza. Ikija alikuwa anaiuliza ilikuwa wapi."

Muindi alikohoa ili kuficha kicheko. Wariara aliendelea.

"Kazi ya siku hiyo ilikuwa gani?"

"Ghala la kikundi. Misimu miwili hatukuvuna kitu, lilikaa limefungwa. Mwaka huu ndengu zimekubali, ikabidi lifunguliwe. Wengine walikuwa nje wakikandika ukuta. Wanne waliingia ndani kufagia. Nthenya, Kalekye, Syombua na Mama Yvonne."

"Watatu wa kwanza wamekufa."

"Wamekufa."

"Chakula uligawaje?"

"Sufuria mbili. Moja ya wa nje. Wale wanne walitoka ndani wakiwa weupe kwa vumbi kama watu wa kinu cha unga, wakaona wakae kando wasichafue chakula cha wenzao. Nikawapa sufuria yao."

"Mwiko ulikuwa mkononi mwa nani?"

"Mwangu." Nzisa aliinua macho. "Ningetaka kuua mtu, afande, ningepika vizuri kwanza. Siku hiyo hata chumvi nilisahau. Nthenya alionja, akasema faini iongezwe. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini."

"Na dawa ya panya?"

"Nthenya ndiye alinituma niinunue kwa duka la agroveti hapa Kyuso, nikaimwage ghalani kabla ya siku ya kufagia. Nikaimwaga. Iliyobaki nikaenda nayo nyumbani. Nani hana panya mwaka huu?"

"Nthenya hawezi kuja kusema hivyo."

"Mama Yvonne alisikia. Nthiwa. Alikuwa amesimama hapo hapo. Muulizeni."

Nthiwa, Mama Yvonne, alikuwa mke wa Mzee Kisilu. Alipoanza kuchomeka kwa homa, binti yake alimchukua hadi kwake Kathonzweni, upande wa Makueni, na tangu hapo familia ilikuwa imewajibu polisi neno lile lile: mama haongei.

"Washa gari," Wariara alimwambia Muindi.

Langoni Mzee Kisilu alisimama mbele ya boneti, fimbo juu. "Mnaenda wapi na gari ya serikali na muuaji yuko hapa?"

"Tunaenda kumwona mke wako, mzee."

Fimbo ilishuka. Mzee alisogea hadi dirishani, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa sauti ya mtu mmoja tu.

"Mwambieni ng'ombe wake amezaa. Ndama jike."

Kisha akarudi kwa watu wake na kelele zikaanza tena.

*

Barabara ya kuelekea Mwingi ilikuwa imechimbwa na mvua zile zile zilizoleta ndengu. Pande zote mbili mashamba yalikuwa ya kijani mpaka kwenye mawe, na kwenye vichuguu vya mipaka panya walikuwa wanavuka mchana kweupe, wanene, bila haraka. Muindi alikuwa anaendesha akiwa amefunga jaketi mpaka shingoni. Kila shimo lilipowarusha aliguna.

"Gari hii itanizika. Ona mgongo wangu. Kama mtu ananigonga na nyundo."

"Umri huo, mzee."

"Umri nilikuwa nao mwezi uliopita na haukuwa unauma."

Kitui mjini walisimama kwenye hoteli ndogo nyuma ya soko. Wariara aliagiza.

"Githeri mbili."

"Isyo," Muindi alimrekebisha. "Githeri ni ya kwenu, ile mnajaza viazi ya kuficha mahindi."

"Na ya kwenu?"

"Ya kwetu haina kitu ya kuficha."

Lakini sahani ilipofika aliisukuma kando. Aliomba soda, akameza nayo vidonge viwili vya kutuliza maumivu. Wariara alikuwa amefanya kazi na koplo huyo mwaka mzima na hajawahi kumwona akiacha chakula.

"Tumbo?"

"Hapana. Sitaki tu." Muindi aliwaangalia watu waliokuwa wakila karibu naye. "Afande, mimi nimekaa nikiwaza ile sufuria. Kama ni Nzisa, ni kwa nini aue wanne wote? Ugomvi wake ulikuwa na Nthenya peke yake."

"Labda hakujali."

"Kalekye alikuwa shemeji yake. Walikuwa wanakaangiana mayai."

"Pakiti ilikuwa imekatwa, Muindi. Nusu ya dawa haipo."

"Iko ghalani. Niliiona kwa macho. Ulinituma wiki mbili zilizopita, tulipoenda kutafuta vielelezo, ukaniambia nisiache hata punje. Nilifagia mpaka pembeni, mahali hata wale mama hawakufika. Kuna panya walikuwa wamekauka kama ngozi ya kiatu, na dawa ya rangi ya waridi bado iko chini yao. Vumbi nililokula siku hiyo, hata leo nikitema mate naliona."

Wariara aliacha kijiko. "Kwa hiyo dawa ilimwagwa kweli ghalani."

"Ilimwagwa. Lakini Githaiga atasema aliimwaga kidogo huko ili apate ya kuweka kwa sufuria."

Ndivyo angesema. Wariara alimaliza chakula chake, wakaondoka, wakavuka mto Athi na kuingia Makueni jua likiwa limepita utosi.

*

Nyumba ya Yvonne ilikuwa nyuma ya saluni yake mwenyewe, vyumba viwili vya matofali na mti wa mwarobaini uani. Mwanamume mrefu aliyevaa barakoa na glavu alikuwa amekaa juu ya debe lililopinduliwa, sanduku la kubebea sampuli miguuni pake. Alikuwa Daktari Muthama, mfuatiliaji wa magonjwa ya mlipuko, ambaye Wariara alikuwa ameongea naye kwa simu tu. Alikuwa ametuma damu ya marehemu wawili maabara ya Nairobi na alikuwa bado anangojea jibu.

"Hamuingii ndani," alisema badala ya salamu. "Mnaongea kupitia dirisha, na mnavaa hizi."

Yvonne alitokea mlangoni, kitambaa cha saluni bado kiunoni, uso wa mtu asiyelala.

"Niliwaambia kwa simu mama haongei. Mnataka nini tena? Mwenye kuua si mmeshamshika?"

"Mama yako anajua kwamba tumemshika mtu?" Wariara aliuliza.

"Hajui. Nimwambie nini? Kwamba Nzisa, ambaye wanaimba naye kwaya moja, alimwekea sumu? Afe na hiyo pia?"

"Nipe muda mfupi tu. Akichoka naondoka."

Yvonne alimtazama daktari. Daktari aliitikia kwa kichwa. Pazia la dirisha lilivutwa.

Nthiwa alikuwa amelala ubavu, leso imefungwa kichwani, macho mekundu kama ya mtu aliyetoka jikoni penye moshi. Ufizi wake ulikuwa na utando mweusi.

"Mwaitu," Wariara alisema, akitumia neno alilofundishwa na Muindi la kumwita mama wa Kikamba. "Naitwa Wariara. Nimetoka Kyuso. Mzee anasema ng'ombe amezaa. Ndama jike."

Midomo ya mgonjwa ilijaribu kutabasamu. "Huyo mzee. Atamnyima ndama maziwa auze yote."

"Naomba unisaidie kukumbuka ile siku ya ghala. Wewe ulikuwa ndani."

"Nilikuwa ndani."

"Mlikuta nini?"

"Panya." Alivuta pumzi. "Wazima walikuwa wameshakimbia. Waliokufa walikuwa kila mahali. Ile dawa ilifanya kazi. Magunia ya zamani walikuwa wamezalia ndani, ukiinua gunia linatoka vumbi na mavi na manyoya. Tuliwaokota na mikono tukawatupa kwa karai. Nthenya alikuwa anawahesabia dhambi zao."

Nje ya dirisha Muthama aliinama mbele. "Mlinyunyiza maji kabla ya kufagia, mama?"

"Maji?" Hata katika homa swali hilo lilimshangaza. "Maji yatoke wapi, daktari? Punda walikuwa wameenda mtoni tangu alfajiri, na wa nje walikuwa wanangojea hayo maji ya kukandika udongo. Mtu anamwaga maji kwa vumbi? Kwetu hiyo ni wazimu. Tulifagia kavu. Tukafunga leso mdomoni, joto likazidi, tukafungua."

Muthama alilitazama sanduku lake la sampuli.

"Dawa hiyo ya panya nani alimtuma mtu kuinunua?" Wariara aliuliza.

"Nthenya. Alimtuma Nzisa. Nilikuwepo."

Wariara aliandika. Nyuma yake Muindi alikuwa ameegemea mwarobaini, jaketi bado imefungwa, jasho likimtiririka hadi kwenye kola.

"Baada ya kazi mkala."

"Tukakaa kula."

"Nzisa alipika. Chakula kilikuwa kizuri?"

"Nzisa anajua kupika," Nthiwa alisema.

"Hata siku hiyo?"

"Yeye anajua kupika siku zote."

"Chumvi je? Wengine wanasema ilikuwa nyingi."

Kuku alikwaruza uani.

"Mimi sikuona kama ni nyingi," Nthiwa alisema.

Wariara alifunga kalamu. Hakuinua sauti. "Mwaitu, siku hiyo Nzisa alisahau chumvi kabisa. Wanawake wote walicheka. Nthenya alimwongezea faini. Mtu aliyetia kijiko kimoja tu mdomoni hawezi kulisahau jambo hilo. Wewe hukula."

Nthiwa alifumba macho. Yvonne alisogea mbele mlangoni. "Unamwita mama yangu mwongo?"

"Hajadanganya hata mara moja. Msikilize alivyojibu. Alikuwa anazunguka." Wariara aliinama dirishani. "Kwa nini hukula, mwaitu? Ulijua kitu kuhusu hicho chakula?"

"Hapana. Bwana asifiwe, hapana." Mkono wa mgonjwa ulishika ukingo wa blanketi. "Nilikuwa nimefunga."

"Kufunga kwa maombi?"

"Siku tatu. Ukifunga hutangazi. Unaosha uso, unapaka mafuta, unakaa na watu kama kawaida. Ukijionyesha, umeshalipwa na macho ya watu, huko juu hakuna kitu kinakungojea. Kwa hiyo nilichukua bakuli langu, nikalifunika na leso, nikasema nitakula nyumbani. Hata mzee hakujua. Wewe ndiye umeitoboa siri yangu."

"Ulikuwa unafunga kwa ajili ya nini?"

Nthiwa hakumtazama Wariara. Alimtazama binti yake aliyesimama mlangoni.

"Huyu. Miaka sita ya ndoa, na watu wana midomo. Nilikuwa namwombea mtoto."

Yvonne alijifunika uso kwa kile kitambaa cha saluni. Bega lake lilipiga fremu ya mlango, akabaki hapo.

Wariara alifungua kalamu tena. Jua lilikuwa linashuka. "Na bakuli?"

"Nilimpa mzee."

*

Walirudi chini ya mwarobaini. Wariara aliweka simu juu ya boneti na kufungua spika. Kelele za lango la Kyuso zilitoka kabla ya sauti ya Mzee Kisilu.

"Amekufa?" mzee aliuliza.

"Hajafa. Ameongea. Mzee, ile siku ya ghala, mkeo alikuletea chakula?"

"Aliniletea. Isyo."

"Ilikuwaje?"

"Haikuwa na chumvi. Nikaongeza mwenyewe."

"Ulikula kiasi gani?"

"Yote. Ningemwachia nani?"

"Umeumwa tangu siku hiyo? Homa? Damu?"

"Mimi? Mimi nina nguvu ya kubomoa hii kituo yenu."

"Chakula hicho kilipikwa na nani, mzee?"

Mtu alikuwa anaimba upande ule wa simu, na mwingine anapiga debe. Kisha ikasikika sauti ya mzee ikiwa mbali na simu, ikiwaambia watu wake: "Nyamazeni kidogo." Hawakunyamaza. "Nimesema mnyamaze." Aliporudi kwenye simu alikuwa anahema.

"Nzisa," alisema. "Kilitoka kwa sufuria ya Nzisa."

"Ndiyo hiyo hiyo ya wale watatu. Wewe umekula na u mzima. Mke wako hakugusa na anaumwa. Waambie hivyo hao watu, kwa sauti ile ile."

Alikata. Muthama alikuwa ameshavua glavu na kuziweka kwenye mfuko mwekundu.

"Sasa niambie mimi," Wariara alimwambia. "Kwa lugha ambayo hakimu ataelewa."

"Mvua ikija baada ya kiangazi kirefu, panya wa porini wanazaana kupita kiasi, halafu wanahamia kwenye nafaka. Baadhi yao wanabeba virusi ambavyo wao wenyewe haviwaumizi. Vinatoka na mkojo na mavi. Vinakauka. Anakuja mtu na ufagio, anavirusha hewani, anavivuta. Ile dawa ya Nzisa iliua panya. Haikuua walichoacha sakafuni."

"Kirusi gani?"

"Jina sitalitaja mpaka maabara iniambie. Kuna jamii za virusi kama hivi ambazo zinaua watu kila mwaka huko Afrika Magharibi. Hapa kwetu mtu akipata homa tunasema malaria na tunamzika. Lakini damu inayovuja namna hii inaweza kutoka kwa dawa ya panya, na inaweza kutoka kwa kirusi cha panya. Mbele ya maiti vinafanana."

"Unavitofautishaje kwa mtu aliye hai?"

"Dawa inaonyesha kazi yake ndani ya siku chache. Kirusi kinaweza kujificha wiki moja, hata tatu. Na kinaanza na homa, na mgongo. Mgonjwa anadhani alibeba mzigo vibaya."

Wariara alisikia maneno hayo na hakugeuka kumtazama Muindi. Alimpigia Githaiga, simu ikiwa bado juu ya boneti na spika wazi.

Kiongozi wa mashtaka alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Ni hadithi nzuri, Wariara," alisema. "Na mimi siyo mtu mbaya. Lakini hebu niitazame kama jaji. Mama anayesema alifunga kwa siri, kwa hiyo hana shahidi. Mzee anayesema alikula, na huyo mzee leo asubuhi alikuwa anataka kumchoma mshukiwa. Upande wa pili nina damu, nina pakiti, nina ugomvi. Maabara inajibu lini?"

"Siku kadhaa," Muthama alisema.

"Hakimu ananingojea kesho asubuhi. Nikisimama niseme aende nyumbani, ni panya, halafu isiwe panya, nimemfungulia mlango mtu aliyeua wanawake watatu. Nipe kitu kimoja. Nipe mtu aliyevuta vumbi la hilo ghala na hajawahi kukaribia chakula cha Nzisa. Mtu ambaye hawezi kusemwa alikula kwa siri au alifunga kwa siri. Akiumwa huyo, nitaliondoa shtaka mimi mwenyewe."

"Hakuna mtu wa namna hiyo," Wariara alisema haraka.

"Basi nitasoma shtaka."

"Yuko," Muindi alisema.

Alikuwa ametoka kwenye mti. Alitembea hadi kwenye boneti polepole, akishika gari kwa mkono mmoja kama mtu anayepita kwenye utelezi. Kwa ukaribu huo, Wariara aliona jinsi macho yake yalivyokuwa mekundu. Alikuwa ameyaona tangu asubuhi na kusema ni vumbi la barabara.

"Mwambie anaitwa Koplo Muindi," koplo alisema.

"Mgongo wako ni wa gari," Wariara alimwambia.

"Gari hiyo nimeiendesha miaka tisa, afande. Haijawahi kunipa baridi kwa jua la Kathonzweni."

"Nani anaongea hapo?" sauti ya Githaiga iliuliza kutoka kwenye simu.

Muthama alikuwa ameshavaa glavu mpya. Alimsogezea Muindi lile debe lililopinduliwa, Muindi akakaa, akafungua zipu ya jaketi na kuanza kukunja shati la mkono wa kushoto. Kifungo kilimshinda, Wariara akanyoosha mkono amsaidie. Daktari alimzuia kwa kiganja.

"Bila glavu, hapana."

Wariara alirudi nyuma hatua moja. Mkono wa Muindi, alipofanikiwa kuufunua, ulikuwa na madoadoa mekundu madogo kuanzia kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo.

"Sikia, daktari," Muindi alisema wakati sindano ikiingia. "Ghala bado liko wazi. Tuliacha utepe wa polisi tu, na ndengu ziko shambani zinangojea. Wale mama waliobaki wataingia kumalizia kazi, kwa heshima ya waliokufa. Nawajua. Mama yangu mdogo yuko kwa hicho kikundi. Piga simu kabla hujafunga hiyo chupa."

Muthama alipiga simu akiwa bado ameibana damu kwa pamba.

Githaiga alikuwa bado hewani. "Inspekta. Nahitaji taarifa yake kwa maandishi, leo. Imetiwa sahihi, na daktari ashuhudie. Aseme aliingia lini, alifanya nini humo, na kwamba hakula chochote. Nikiipata kabla ya korti, yule mwanamke hasomewi kitu."

"Utaipata," Wariara alisema, akakata.

Alitoa karatasi za taarifa kwenye gari na kuziweka juu ya faili, faili juu ya goti. Alikaa chini kwenye mchanga, umbali ambao Muthama alimwonyesha kwa kidole. Mle ndani Yvonne alikuwa anamwambia mama yake kitu kwa sauti ya chini, tena na tena, na mama yake alikuwa anaitikia.

"Nianzie wapi?" Wariara aliuliza.

Muindi aliegemeza kichwa kwenye ukuta wa matofali. Alifikiri kama mtu anayechagua kiti.

"Anza na ufagio," alisema. "Nilifagia kavu, mpaka pembeni, na sikunyunyiza maji. Halafu andika aliyenituma."

Wariara aliandika ufagio. Aliandika vumbi, na panya waliokauka, na kwamba koplo hakula chakula chochote cha Nzisa siku hiyo wala siku nyingine. Alipofika kwenye mstari wa aliyemtuma, aliandika jina lake mwenyewe lote, na cheo, na kumgeuzia karatasi asome kabla ya kutia sahihi.